Mzee Gathogo na Bahari ya Novemba

Mzee Gathogo hakuwahi kula samaki maishani mwake, lakini alipenda kuvua. Kwao Murang'a, alikozaliwa, samaki alihesabiwa kuwa ndugu wa nyoka. Baba yake alipohamia sehemu iitwayo Kwanza, karibu na Kitale, kulima mahindi, kijana Gathogo alikutana na Mukhisa, Mbukusu wa Bumula, kule Bungoma, aliyekuwa dereva wa trekta kwa jirani, na Mukhisa akamfundisha kutumia ndoano. Jumapili baada ya kanisa walikaa ukingoni mwa mto Nzoia, Gathogo akivua na Mukhisa akibeba samaki kwenda kula. Mambo yakaendelea hivyo miaka thelathini na zaidi, hata baada ya Mukhisa kurudi Bumula kulima miwa.

Nayajua haya kwa sababu mwaka 2004 nilikuwa na saiba, duka la intaneti, karibu na msikiti hapa Kitale, kompyuta nne na feni moja, na Mzee Gathogo hakujua kutumia kompyuta wala hakutaka kujua. Alikuja mwezi wa Mei na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nane. Ndani palikuwa na picha ya mzungu na samaki mrefu mwenye pezi kubwa kama mwavuli uliofunguka nusu. Huyo ni sulisuli. Maelezo yalisema kwamba huko Watamu watu hukodi boti, humvua kwa mchezo tu, kisha humwachilia. Gathogo alifurahi. Kuvua samaki usiyemla ilikuwa kazi yake ya siku zote, na hakujua kwamba kuna watu wanaosafiri kwa ndege kuja kuifanya.

Alitaka boti ya watu wawili, mwezi wa Julai. Haraka yake ilikuwa na sababu. Mukhisa alikuwa na presha ya macho, na daktari alikuwa amesema huenda macho yakamaliza mwaka, huenda yasimalize. Mukhisa, ambaye hajawahi kuvuka Nakuru, alikuwa ameomba jambo moja: aione bahari kabla macho hayajafunga.

Julai nayo ilikuwa na sababu yake. Palizi huwa imekwisha, mbolea ya pili imetiwa, na mkulima hana kazi ila kuyatazama mahindi. Gathogo alioa Julai. Aliezeka nyumba Julai. Hata henia yake ilipasuliwa Julai, baada ya kuivumilia tangu Februari.

Nikaandika barua pepe. Jibu lilikuja kesho yake: boti zote zimepandishwa nchi kavu, maana tangu Mei hadi katikati ya Agosti upepo wa kusi huichafua bahari. Sulisuli hupatikana vizuri kuanzia Novemba hadi Machi. Nikamsomea.

“Sasa hiyo bahari inafunga wakati watu wako na nafasi?” akauliza. Alikasirika kweli, utadhani ufunguo ninao mimi.

Novemba ni mavuno. Mahindi hukatwa, husimamishwa shambani yakauke, humenywa, hupukuchuliwa, huanikwa, na muda wote huo mvua na wezi wanavizia. Wanawe wawili, Muigai na Kang'ethe, ni watu wazima wanaoijua kazi hiyo, lakini hayakuwahi kupita mavuno ambayo baba yao hakuyasimamia. Nilimkumbusha macho ya rafiki yake. Nikamwambia wazi kwamba mavuno ya mwaka mmoja vijana watayaweza.

“Mama Nimo,” akaniambia, “mtu haachi mahindi ikiwa kwa shamba. Andika Februari.”

Nikaandika Februari. Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, lakini mteja ni mteja.

Oktoba walikuja wote wawili, Mukhisa akishika bega la binti yake, Peris. Aliomba kuona picha ya boti. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akasema ni boti nzuri. Hakuomba tarehe ibadilishwe. Gathogo alimwona alivyoinama. Niliweka vidole kwenye kibodi nikangoja aseme Novemba. Akasema mwaka huu mahindi yamebeba kuliko mwaka jana. Nilikasirika hata nikamwambia muda wake umekwisha, na bado alikuwa na dakika kumi alizolipia.

Mavuno yalikuwa mazuri. Krismasi, Mukhisa alikuwa bado anatofautisha mchana na usiku. Kufika Februari, hata hilo halikuwezekana. Peris alitaka safari ivunjwe. Mukhisa akakataa, akasema samaki atajuaje kwamba yeye haoni.

Wakaenda. Wiki iliyofuata Gathogo aliingia saiba peke yake, akakaa bila kusalimia. Alinieleza kwamba walimketisha Mukhisa kwenye kiti cha nyuma ya boti, fimbo ya kuvulia mikononi. Baada ya saa tatu mshipi ulianza kutoka kwa kasi. Mukhisa alivutana na sulisuli nusu saa, nahodha akimwelekeza kwa sauti, jasho likimtiririka. Kisha samaki akaruka juu, mara ya kwanza, mara ya pili, na mabaharia wakapiga kelele. Mukhisa akageuza uso kuelekea alikokuwa Gathogo, akasema, “Niambie.”

“Ukamwambia nini?” nikauliza.

“Nilikuwa nimeangalia chini. Niliona aibu kuona peke yangu.”

“Naye akasema?”

“Akasema, ‘Si basi umenipofusha mara mbili, bana.’”

Samaki aliachiliwa, na Gathogo akamrudisha Mukhisa kwao Bungoma. Ningeweza kumwambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki, lakini hilo alikuwa analijua, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia.

“Andika tena,” akasema. “Watu wawili. Novemba.”

Nikamuuliza mahindi je. Akasema Muigai atakata.

“Mukhisa amekubali?”

“Bado. Naenda Bumula kesho kumwomba.”