Nyanya Alipomsukuma Bingwa

Wiki iliyopita nilikuwa nakunja nguo sebuleni, runinga ikijisemea yenyewe, binti yangu akaniita nione kitu. Yalikuwa mashindano ya baiskeli ndani ya ukumbi mmoja huko ng'ambo, na waendeshaji wawili wenye helmeti zinazong'aa walikuwa wakijikokota kama watu wanaotafuta funguo zilizoanguka njiani. Kisha mmoja akasimama kabisa, juu ya baiskeli, bila kukanyaga chini. "Mama, mbona hawaendi?" akauliza. Nilicheka hadi nikazikalia nguo nilizokuwa nimekunja. Swali hilo liliwahi kuulizwa na mtaa mzima wa Jericho, kule Nairobi, kwa kelele na matusi kidogo, na nusura limharibie mtu maisha.

Basi keti nikusimulie, maana nikishaanza habari hii siwezi kuikatiza.

Miaka ya tisini nyumba yetu ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ilipakana na ya mchonga vinyago. Sisi asili yetu magharibi, wao Ukambani, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba hata wakigombana kwao tulijua nani ana makosa. Alfajiri tezo ya mzee ilianza kugonga mti, ko, ko, ko, kabla mafuta ya nyanya yangu hayajachemka kwa ajili ya mandazi ya kuuza. Kazi yangu ilikuwa kwenda kwa jirani kuokota vibanzi vya kuwashia jiko. Mpaka leo nikipita karibu na seremala natamani mandazi.

Mzee alikuwa na binti mmoja, amemaliza shule, sisi watoto tukimwita Sista. Asubuhi alipeleka vinyago soko la Gikomba kwa baiskeli nzito nyeusi, jioni akarudi na magogo ya kuchonga. Kutoka Jogoo Road hadi kwenye laini yetu ya nyumba kulikuwa na mwinuko, na mtaani kwetu hakuna aliyemtazama mtu akipanda na mzigo peke yake. Ulimsukuma kwanza, salamu baadaye. Kinyozi aliwahi kumwacha mteja na nusu ya ndevu akakimbia kusukuma. Nyanya ndiye aliyekuwa wa kwanza kila siku, leso kiunoni, akituita sisi wavivu.

Huko mlimani ndiko mwalimu wetu wa michezo, aliyekuwa akishindana kwa baiskeli ujanani, alikomwona. Alisema miguu ile haikuumbwa kwa kubeba magogo tu. Akatafuta fremu nyepesi kwenye vyuma vikuukuu, akamtengenezea baiskeli ya mashindano ambayo ilitushangaza wote. Haikuwa na breki hata moja, na pedeli zake hazikupumzika. Gurudumu likizunguka, na miguu lazima izunguke. Tulijaribu kuiendesha mara moja tu, na alama ya siku hiyo bado ninayo gotini.

Basi Sista akaanza kushinda. Ewe, tulivyojigamba! Alirudi na blanketi, akarudi na sufuria, siku moja akarudi na mbuzi ambaye safari haikumpendeza hata kidogo. Baba yake alimla mbuzi yule na bado hakusifu kitu. Kwake mbio zilikuwa mchezo wa watu walioshiba. Mashindano ya kuchagua timu ya taifa yalipotangazwa kufanyika kiwanja cha kwetu, kwenye njia ya murram, ule udongo mwekundu ulioshindiliwa, iliyozunguka uwanja wa mpira, sote tulimsikia kupitia ukutani.

"Hii ya Jumamosi ni ya mwisho," alisema. "Ukishindwa, hiyo baiskeli inarudi Gikomba kuuzwa, na Jumatatu unaanza cherehani kwa shangazi yako. Na nitakuja kujionea mwenyewe."

 Usiku ule nyanya alimwombea mpaka ugali ukapoa.

Jumamosi hiyo, rafiki yangu, hakubaki mtu nyumbani. Palinuka mahindi choma na vumbi lililomwagiwa maji. Nyanya aliweka beseni lake la mandazi karibu na kamba iliyozuia watazamaji, pale njia ilipoinuka kidogo. Mzee wa vinyago alisimama mbali, kofia mkononi. Mpinzani alikuwa msichana wa upande ule mwingine wa jiji, baiskeli yake mpya kabisa, naye akatusalimia kwa adabu nyingi hata tukashindwa kumchukia ipasavyo.

Walikuwa wawili tu, na mshindi ni wa kushinda raundi mbili kati ya tatu. Tulitarajia wafyatuke filimbi ikilia. Badala yake walianza kutambaa, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mtaa haukuelewa.

"Kwani amelala?"

"Sista, songa bana, unatuaibisha!"

Tulipokuwa bado tunazomea, Sista aliruka kama aliyechomwa sindano, na kabla sijameza mate alikuwa ameshavuka mstari. Raundi ya kwanza ikawa yetu. Tulikumbatiana hata na watu tuliokuwa hatusemezani nao.

Raundi ya pili akatambaa tena, na alipofika pale kwenye kimwinuko, mbele ya nyanya, akasimama kabisa. Baiskeli ilitetemeka chini yake, gurudumu la mbele limekunjwa, naye akimngoja mwenzake apite. Mimi niliona bingwa anafanya hila zake. Nyanya aliona mtoto wa jirani amekwama mlimani.

"Mtoto amekwama na nyinyi mnatazama tu?" akatukaripia. Akapita chini ya kamba, akakaza leso, akaweka mikono miwili mgongoni mwa Sista, akamsukuma kwa nguvu zake zote.

Filimbi ililia. Refa, mtu mpole, alieleza kwamba mshindani amesaidiwa na mtazamaji, hivyo raundi ni ya mwenzake. Mzee wa vinyago alifunika uso kwa kofia. Kiwanja kizima kikamgeukia nyanya, naye akabaki amesimama njiani, mikono imejaa vumbi. "Kwani nilimsukuma vibaya?" akauliza. Nilimwonea huruma.

Mwalimu ndiye aliyetuokoa. Alizunguka kamba yote akitufundisha kama darasani: wa mbele ndiye anayekata upepo na wa nyuma anajikinga mgongoni mwake, kwa hiyo anayesubiri si mwoga, ana akili. "Msimharakishe," alisema. "Nyamazeni kabisa, na mtu asimguse." Sista naye alikuja hadi kwa nyanya, ambaye tayari alikuwa analia, akamshika mkono.

"Nyanya, hii ya mwisho nisukume na macho tu."

Wewe umewahi kusikia watu wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki ya jiji, wakinyamaza? Mimi nimesikia mara hiyo moja. Muuza njugu aliacha kuita. Mimi na binamu yangu tulimshika nyanya leso, kila mtu upande wake, kwa usalama wa taifa. Sista akasimama juu ya baiskeli, na mpinzani, aliyekuwa hatua chache mbele yake, naye akasimama. Msichana yule akageuka nyuma. Akageuka tena. Ule ukimya nadhani ulimtisha kuliko kelele, kwa maana uvumilivu ulimwishia na akaondoka mbio. Sista akamrukia nyuma, akajibana kwenye kivuli chake, kona ya kwanza, kona ya pili, leso ikitukata vidole kwa jinsi nyanya alivyovuta, na mwisho kabisa akachomoka kando na kumpita kwa upana wa gurudumu.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka Makadara, naapa. Baba yake alipasua kundi la watu polepole, akasimama mbele ya binti yake, akaitazama ile baiskeli isiyo na breki. Uso wa mzee ulikuwa umelowa machozi. "Jumatatu," akasema, "vinyago nitapeleka mwenyewe."

Sista alikwenda kushindana ng'ambo, akaleta medali, akawa bingwa kwa miaka kadhaa hadi magoti yalipokataa. Sasa anaishi Machakos, mama mnene mwenye kicheko. Kiwanja kimejengwa maghorofa, na mzee na mwalimu walishatangulia. Nyanya naye alikufa akidai kwamba ushindi ule ulikuwa wake, kwa kuwa bila yeye tungeona raundi mbili tu tukarudi nyumbani.

Mimi naishi kwenye fleti zenye geti na mlinzi. Majirani zangu ni watu wazuri, tunapungiana mikono tukiwa ndani ya magari. Hakuna hata mmoja anayeweza kuniharibia mbio, kwa sababu hakuna anayejua kama niko mbioni. Siku nyingine nachoka, nikakwama, nikasimama hapo mlangoni na mizigo yangu, na nakwambia ukweli, ningekubali kushindwa raundi nzima ili nisikie tu mikono ile mgongoni.