Bei ya Maji

Abbasi Kondo, msimamizi wa boriti pale Salale, kwenye delta ya Rufiji, alikuwa na kanuni moja: kazi ya watu wote itangazwe bei mbele ya watu wote.

Zamani haikuwa hivyo. Akida na mfanyabiashara Salumu walishikana mikono chini ya nguo, wakaambiana bei kwa vidole, na kazi ikaisha hapo. Gati lililojengwa kwa bei ya vidole lilisimamishwa juu ya mikoko michanga. Lilianguka likiwa na wanawake waliobeba mpunga, na Tabu binti Shaabani akazama. Baada ya msiba huo, Abbasi alikataa vidole.

Mwaka 1905 gati jipya likatakiwa. Wakati huo huo vita vilikuwa vimewaka Umatumbi, na serikali ya Wajerumani ilikuwa imekataza mikusanyiko.

"Abbasi, huu si wakati wa kukusanya wanaume," akida alimwambia. "Mpe Salumu vidole, yaishe."

"Vidole vilimzamisha Tabu, bwana akida."

"Haya. Utakachovuna ni chako."

Abbasi aliwaita wakata boriti uwanjani, mchana kweupe. Alijua hatari. Lakini kanuni inayofuatwa siku za amani tu si kanuni, ni mazoea.

Salumu alitangulia, akataja bei iliyowafanya watu wagune.

"Salumu, unajenga gati au ghorofa ya peponi?" mmoja akamtania.

"Chekeni. Boriti zangu sipewi bure na mkwe wako!"

Mshamu, mdogo wake Abbasi wa tumbo moja, akasimama. Kule delta boriti zina bei mbili: bei ya bara, zikibebwa mpaka kwenye kazi, na bei ya maji, zikishushwa ufukweni wakati wa bamvua, maji makuu yakijaa. Ya maji ndiyo nafuu.

"Mimi maji!" akasema Mshamu.

"Na mimi maji!" akadakia mwingine. "Nashuka chini yako!"

"Maji! Nashuka tena!"

Askari waliokuwa wakipita walisimama. Walikuwa wageni, na neno hilo walilijua kwa maana moja tu: dawa ya wapiganaji. Bunduki zikashushwa kutoka mabegani. Kicheko kikakatika.

"Nani ameanza kusema maji?" mkubwa wao akauliza.

"Ni bei, bwana mkubwa," Abbasi akajibu, mikono wazi. "Boriti za kushushwa ufukweni. Muulize yeyote."

Askari akamtazama Salumu, aliyevaa vizuri kuliko wote. "Wewe. Ni bei au ni dawa?"

Watu wote wakamgeukia. Neno moja lingetosha. Salumu alitazama mchanga.

"Mimi nimesikia maji tu, bwana."

Hakusema uongo. Alikata ukweli katikati, akatoa nusu inayoua.

"Mimi ndiye niliyeanza," Mshamu akasema, kabla ya wengine kuguswa.

Walimfunga kamba, wakampeleka kwenye boma la Wajerumani kule Mohoro. Abbasi aliwafuata mpaka wakampiga viboko na kumrudisha. Alivuliwa usimamizi, na kazi akapewa Salumu.

Wapo wanaosema Abbasi angeahirisha mkutano ule. Mimi nasema lawama ni ya aliyejua maana ya neno akaificha. Lakini hesabu ya lawama haimfufui mtu. Mshamu alinyongwa, na mama yao, mpaka anaingia kaburini, hakusema tena na Abbasi.