Sitara na Bapa la Feleji

Sitara binti Uwesu hakuwa mtu wa kusema "sijui". Ukimpelekea kitu chenye makali, kiwe mkasi wa fundi cherehani, shoka la mpasua kuni au kisu cha muuza nyama, alikipokea, akakigeuza mara moja kwenye mwanga, akasema, "Kiache." Basi. Hakuuliza kimeharibikaje, wala hakujisumbua kukuahidi kitu. Ukirudi, unakikuta tayari.

Kibaraza chake kilikuwa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Hapo palikuwa na meza ya mti mgumu, jiliwa la kubania vyuma la marehemu baba yake, tupa kubwa na ndogo, na jiwe la kunolea lililolika katikati kwa kazi ya miaka. Mzee Uwesu alikuwa mnoaji, hakujaliwa mtoto wa kiume, na ufundi ukamwangukia binti. Mwanzoni wanaume wa mtaa wa Gerezani, wale wafua majiko na masanduku ya bati, walimcheka. "Mama Husna, visu vya jikoni tunakuachia wewe," walimwambia, wakimwita kwa jina la mwanawe. Akawajibu kwamba ni sawa tu, maana hata wao chakula chao hakitoki Gerezani. Haikuchukua muda wakawa wanamletea tindo zao azinoe, tena kimya kimya, wakipitia uchochoroni.

Alikuwa na ugonjwa mmoja, kama majivuno ni ugonjwa. Kila kilichotoka mkononi mwake lazima king'are. Akishanoa alipiga msasa laini, kisha akasugua kwa majivu na kumbi la nazi, kama mama yake alivyosugua masufuria, mpaka ukiinamia kisu unahesabu kope zako. "Kisu kisichong'aa," alipenda kusema, "ni mdomo usiopigwa mswaki." Watu walicheka, lakini walirudi, na wengine walikuja kutoka Buguruni kwa ajili ya huo mng'aro tu.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikafungulia bidhaa za nje. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu na karani anayesinzia yakafurika: redio, dawa ya meno, mitumba, vyombo vya plastiki vya kila rangi. Girish, mwenye duka la vyuma mtaa wa pili, yeye akaleta visu vya kukunja vinavyouzwa vipande vipande ndani ya boksi. Unafungua, unakuta bapa lenyewe la kukatia, springi ya mgongoni, mabamba mawili ya mpini, pini na skrubu, na karatasi ya picha inayodai kwamba mtoto mdogo anaweza kuunga. Vijana walivigombania. Jioni yake wakawa wanapita kwa Sitara wameshika boksi lililochanika, kisu hakifungi, na skrubu mbili zimebaki mkononi hazina pa kwenda.

"Hizi picha kazichora mtu asiyekata hata kitunguu," Sitara alisema, akaitupa karatasi.

Alifungua kila kitu akaanza upya. Mabamba ya plastiki aliyarudishia wenyewe wakachezee watoto, akachonga mpini wa mpingo. Kisigino cha bapa, pale linapokutana na springi, alikipiga tupa kidogo kidogo huku akifungua na kufunga, akitega sikio. Hakusimama mpaka asikie mlio anaoutaka: ka! Mlio mmoja, mkavu, usio na mtikisiko. Girish naye hakuwa mjinga wa biashara. Akaanza kuwaambia wateja, "Nunua hapa, kisha pita kwa Mama Husna akuungie."

Lakini ruksa haikuja peke yake, ilikuja na pacha wake, feki. Betri feki, viatu feki, mpaka viberiti. Na watu walishazoea kubadilishiwa: unapeleka saa kwa fundi, unarudishiwa kasha lako, ndani mna mashine ya mwingine. Siku hizo Kariakoo mtu akipaza sauti kwamba amebadilishiwa, hakuna aliyeuliza ushahidi. Kazi ya fundi huyo ilikwisha siku hiyo hiyo. Sitara hakuwahi kuambiwa neno hilo, na kati ya vyote alivyorithi kwa baba yake, jina hilo safi ndilo alilolilinda kuliko jiliwa.

Asubuhi moja Girish alikuja kibarazani amefuatana na shemeji yake, Ranjanben, mama wa makamo ya juu anayeishi Upanga, mjane wa kaka yake Paras. Sitara akamwondolea vumbi kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Ranjanben alifungua kitambaa cha hariri mapajani. Ndani mlikuwa na boksi la kisu cha vipande kutoka dukani kwa shemeji yake, na kando yake bapa moja peke yake, halifanani na yale ya boksini. "Mume wangu aliliagiza nje, kwa fundi anayefua kwa mkono. Alisema ataliunga mwenyewe akistaafu." Akalifunika tena kidogo. "Hakustaafu. Moyo ulisimama akiwa kazini. Sasa Dhruv, mwanangu, anarudi kutoka masomoni. Nataka akute kisu cha baba yake, siyo vipande."

Sitara aliligeuza bapa kwenye mwanga. Lilikuwa zito, la rangi ya moshi, na limejaa michirizi iliyopindapinda kutoka kwenye kisigino hadi kwenye ncha. Akajisemea moyoni: maskini, kabati za Upanga nazo zina unyevu. Hakutaka kumwaibisha mjane mbele ya shemeji yake kwa kumwambia ameacha mali ya marehemu ikaingia madoa.

"Kiache," akasema.

Kazi ile aliifanya kwa mapenzi. Bapa lilikuwa nene kuliko lile la boksini, halikuingia kwenye mpini, ikabidi apunguze mabamba ya ndani pande zote mbili. Tundu la pini lilikuwa dogo, akalipanua taratibu. Kisigino kilimtoa jasho. Chuma kile kilikuwa kigumu kisichokubali tupa za kawaida, na kila alipokikwangua kilitoa sauti ya juu asiyoizoea. Akachagua kipande cha mpingo alichokuwa amekiweka akiba tangu zamani, cheusi tii. Alipofunga mara ya mwisho, kisu kikasema ka! mpaka Shaibu, muuza kahawa aliyekuwa akipita na birika lake na jiko lake dogo la makaa, akageuka.

"Hapo fundi umefunga kazi," Shaibu akasema.

"Bado," Sitara akajibu. "Hakijaoga."

Akakiogesha. Msasa, majivu, kumbi la nazi, kisha mafuta kidogo ya nazi na kitambaa. Madoa yalikuwa mabishi, lakini Sitara alikuwa mbishi zaidi. Yalipokwisha, bapa lilikuwa jeupe kama sinia la harusi, naye akaliinamia akaziona kope zake, akaridhika kabisa.

Jumamosi Ranjanben akaja na Girish. Sitara alikitoa kisu kwenye kitambaa kwa madaha, akakifungua, akamwekea mkononi. Akangoja kusifiwa.

Ranjanben alikiangalia. Akakigeuza. Akakigeuza tena, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Hili si lake," akasema, sauti ikiwa ndogo.

Girish akakichukua. Uso wake ukabadilika. "Mama Husna, bapa la kaka yangu liko wapi?"

"Ndilo hilo."

"Hili? La kaka lilikuwa na maua mwili mzima! Chuma cha Dameski kile! Nimekuletea wateja wote wale, na wewe leo unatubadilishia?"

Neno limeshatoka. Mashine ya cherehani ya jirani ikanyamaza. Wapita njia wakapunguza mwendo, na watu wa Kariakoo wakipunguza mwendo ujue wameshahukumu. Tangu azaliwe Sitara hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa pale, amesimama mbele ya jiliwa la baba yake na watu wakimwangalia mikono.

Angeweza kupiga kelele. Mdomo alikuwa nao. Angeweza kusema ndivyo lilivyokuja. Lakini mficha uchi hazai. Akamgeukia Ranjanben, si Girish.

"Mama, ile michirizi. Ilikuwa kitu gani?"

"Hujui?"

"Sijui," akasema Sitara, na Shaibu aliyekuwa pembeni akashtuka kuliko wote. "Nilidhani madoa. Nimeisugua yote."

Ranjanben alikaa kwenye kigoda. Akaeleza polepole kama alivyokuwa akielezwa na mumewe: kwamba fundi wa kule huchukua vyuma vya aina mbili, akavifua pamoja kwenye moto, akavikunja, akavifua, akavikunja tena, na michirizi ile ndiyo mikunjo yenyewe. "Karibu na mgongo palikuwa na duara dogo, kama jicho. Yeye alipenda kuweka kidole gumba hapo."

Sitara alisikiliza, na hofu ikaanza kumpungua, maana sasa maneno yalikuwa ya chuma, na chuma alikuwa anakifahamu. Baba yake alikuwa na jina la chuma hicho. Alikiita feleji, akisimulia panga za zamani za kutoka Sham, huko huko Dameski. Chuma cha kukunjwa. Kama ni cha kukunjwa, basi ni chapati. Chapati ukiikwangua juu, humalizi tabaka. Unakuta nyingine chini yake. Na jikoni kwake kulikuwa na kisu cha kukatia ndimu ambacho kila siku alikisugua, na kila siku kiligeuka cheusi; ndimu huuma chuma, na vyuma viwili haviumwi sawa.

"Basi halijaenda popote," akasema kwa sauti, na yule Sitara wa siku zote alikuwa amerudi. "Nimeliondolea rangi tu. Shaibu! Lete makaa yako hapa. Na mtu aninunulie ndimu."

"Mimi naenda kuita polisi," Girish akasema.

"Kaa chini, Girish," akasema Ranjanben. "Polisi watakuwepo hata baadaye."

Sitara akang'oa pini, akakitenganisha kile kisu alichokuwa amekisifia kuliko vyote. Akakamua ndimu kwenye bakuli, akapasha moto juu ya makaa ya Shaibu, akalizamisha bapa. Watu wakasogea. Wakangoja. Alipolitoa, lilikuwa jeupe vile vile, isipokuwa vidoa viwili vitatu vya kijivu visivyo na mpango.

Girish akachungulia bakuli, akamtazama shemeji yake.

Sitara akapitisha kidole kwenye bapa. Kikateleza. Akajipiga paji la uso: mafuta! Mafuta yake mwenyewe ya nazi, yale ya madaha. Ndimu ingeumaje chuma kilichovaa koti? Akaliosha kwa sabuni ya mche, akalisugua kwa maji ya moto, akaliosha tena, na safari hii akalishika kwa kitambaa, asiliguse kwa mkono. Akalizamisha.

Kwanza likawa la kijivu lote. Kisha, chini ya maji ya ndimu, mstari mmoja mwembamba ukabaki mweupe huku jirani yake ukiwa mweusi. Ukafuata wa pili. Ikawa inatokea kutoka kwenye kisigino kwenda kwenye ncha, michirizi ile ile aliyoisugua kwa jasho lake, inapinda pale ilipopindia. Mtu nyuma akasema, "Lahaula!" Mashine ya cherehani haikuwa imeanza tena, maana mwenye nayo alikuwa amesimama mbele ya wote.

"Bado haijakolea," Sitara akasema. "Shaibu, mimina kahawa."

"Kahawa yangu ni ya kunywa, Mama Husna."

"Leo inanywewa na chuma. Mimina."

Kahawa chungu, nyeusi, ya moto ikamiminwa kwenye kikopo. Bapa likakaa humo mpaka ikapoa, huku Shaibu akiwauzia watu iliyobaki, maana hasara hakuzoea. Sitara alipolitoa na kulisuuza, weusi ulikuwa umezama na weupe umesimama, na karibu na mgongo palikuwa na duara dogo, kama jicho.

Girish aliliinamia, akaligeuza pande zote mbili. Kisha akawageukia watu, akasema kwa sauti ile ile aliyoanzia nayo, ili waliosikia la kwanza wasikie na la pili: "Mama Husna hajabadilisha kitu. Ni lenyewe. Nimekosea mimi." Tumpe haki yake; wengi hushutumu barabarani na kuomba radhi chumbani.

Ranjanben alilipokea kwa viganja viwili. Kidole gumba chake kikaenda chenyewe mpaka kwenye jicho, kikatulia hapo.

"Miaka yote aliyokaa nalo nilimgombeza," alisema. "Kila jioni analitoa, analiangalia. Namwambia, Paras, safisha hicho chuma chako, kichafu, unaniwekea uchafu kwenye meza ya chakula. Yeye anacheka tu." Akafuta macho kwa ncha ya sari. "Leo nimekiona kisafi. Nikaona nimempoteza tena."

Sitara alilichukua bapa taratibu, akalirudisha kwenye mpini wake wa mpingo, akagonga pini, akafungua na kufunga. Ka! Kisha akakiinua kwenye mwanga, akaona sehemu ndogo ubavuni ambapo weusi ulikuwa umezidi kidogo, na mkono wake, kwa mazoea ya maisha yote, ukaenda kwenye msasa. Ukasimama njiani.

"Nikipitishie kidogo hapa, mama," akauliza, "au?"

"Kiache," akasema Ranjanben.