Ndoo ya Samaki Kwenye Karatasi ya Manila

Kabla sijasema lolote nitaje wenye makosa, kwa kazi zao, maana majina yao sitaki kuyabeba. Wa kwanza ni mwenye shimo la dhahabu kule Macalder, aliyekataa kununua magogo ya kushikilia kuta, mpaka udongo ukanifunika nikavutwa nje kwa mguu kama mbuzi. Wa pili ni meneja wa ushirika wa samaki, Homa Bay. Huyu ndiye wa leo, na nikimkumbuka nacheka mpaka nashika mbavu zile zile zilizovunjika Macalder.

Nilikuwa kwenye mizani. Mvuvi analeta mbuta, yule sangara wa ziwani, naweka juu, naandika kilo kwenye daftari, namtupa samaki kwenye ndoo ya barafu, haya mwingine. Darasa la nne linatosha kwa kazi hiyo. Basi miaka ile ya tisini, kompyuta zikianza kusikika, meneja akatuita wapimaji wote watatu akasema daftari linakufa. Watu wa kampuni ya programu wanatoka Nairobi kutujaribu, na atakayeshindwa atampisha shemeji yake meneja, aliyesomea kompyuta Kisumu. Alisema atakayeshindwa, lakini macho yalikuwa kwangu. Nilikuwa na watoto wanne, na shimoni sikuwa tayari kurudi.

Wakaja watatu. Hiyo idara yao, nilivyokuja kuelewa, haitengenezi kompyuta. Kazi yao ni kukaa kando wakimtazama mtu akihangaika nayo. Mama mmoja mwenye miwani aliuliza maswali. Mwenzake aliandika kila kitu, hata nikijikuna aliandika. Wa tatu alibeba kompyuta, lakini stima ikapotea kabla hajaiwasha.

Nikamshukuru Mungu mapema mno. Yule mama akatoa manila na kalamu, wakachora skrini yote kwenye karatasi: samaki wa kukatwa kwa makasi, mahali pa kilo, picha ndogo pembeni. Kisha yule wa tatu, mtu mzima na ndevu zake na tai, akaambiwa sasa yeye ndiye kompyuta. Nikigusa kitu kwa kidole, yeye abadilishe karatasi. Asiseme, asicheke, asisaidie. Nikamwuliza kama amekunywa chai. Yule mama akanieleza kwamba kompyuta haijibu mambo ya chai. Hapo kicheko kikaanza kunitekenya tumboni na sikujua nikiweke wapi.

"Mama, hatukupimi wewe," akaniambia yule wa miwani. "Tunapima hii kitu."

Sikumwamini. Nimekaa mizanini miaka, na najua anayesimama karibu na mizani ndiye anayeshukiwa.

Akaniomba nipime mbuta wa kilo sita. Nikamgusa samaki, nikaandika sita kwa biro, kompyuta ikabadilisha karatasi huku jasho linaitoka. Akauliza, sasa samaki aende wapi? Pembeni palichorwa ndoo. Mimi sikuzaliwa jana, samaki akishapimwa huenda kwenye ndoo. Nikamsukuma kwa kidole mpaka ndani. Kompyuta ikamchukua, ikamkunja, ikamtia mfukoni.

Nilipima watano, wote wakaishia mfukoni mwa kompyuta. Kumbe ndoo ile kwao ni pipa la taka, na kila nilichopima nilikuwa nakifuta. Wenzangu wawili, waliokuwa wakingoja nje, wakaitwa mmoja mmoja. Nao moja kwa moja kwenye ndoo.

Meneja alikuwa mlangoni. Wenzangu hakuwaambia kitu. Mimi ndiye niliyeambiwa, na akasema kwa Kiswahili ili wageni wasikie, ila aliniita kwa Kijaluo, binti wa Suna.

"Nyar Suna, umepoteza samaki yote ya ushirika. Kesho usikuje."

Yule mama hakubishana. Alivuta kiti akamwomba naye ajaribu, kwa heshima, dakika moja tu. Meneja akakaa vile bwana harusi hukaa. Lakini kabla ya ofisi alikuwa mvuvi kisiwani Takawiri, na mkono hausahau. Akapima mbuta wa kilo tisa, kwa madaha, akamtia kwenye ndoo.

Kompyuta ikamkunja samaki wake, ikamtia mfukoni. Safari hii ndevu zilitetemeka.

"Andika," mama akamwambia mwenzake. "Wanne kwa wanne. Kosa ni letu."

Akamgeukia meneja akasema mbele yetu wote kwamba mtu hafukuzwi kwa kosa ambalo hata mkubwa wake amelifanya. Meneja akainamia viatu vyake. Kisha mama akaniuliza, hapa kwenu, samaki akipotea kabisa, huwa ameenda wapi?

Nikamtazama meneja. Kila siku kulikuwa na mbuta mmoja aliyetoka kwa mlango wa nyuma wa ofisi, na kila mtu pale alijua. Nilifikiria watoto wangu wanne.

"Huchukuliwa na paka," nikasema.

Wenzangu wakaangukiana. Hata meneja alicheka, kwa sababu asingecheka ingekuwa ameitika jina.

Kompyuta yenyewe ilifika baada ya miezi. Ndoo sasa ilitunza samaki, na mahali pa kufuta walichora paka mnene amekaa. Nilikalia kiti changu mpaka ushirika ulipokufa, na waliouua walipitia mlango ule ule wa nyuma. Kila nilipokosea kilo nilimgusa yule paka, lakini kwanza niligeuka kutazama ofisini. Meneja naye, bila kukosa, alikuwa ananitazama.