Majaribio Saba Yasiyofika

Pale hospitalini hata wafagizi walimwita Sekunde. Kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kuzisafirisha picha za wagonjwa kwa mtandao, kutoka hospitali yao isiyo na daktari bingwa wa ubongo hadi hospitali kuu, safari ya siku nzima kwa gari. Kila alipobonyeza kitufe cha kutuma alitazama saa ya mkononi. Mkewe alisema hata uji huupimia muda wa kupoa.

Mwaka ule mkuu wa idara alimpa kazi aliyoitamani siku zote: alinganishe njia mbili za kutuma mafaili, aseme ipi ibaki. Ya kwanza ilikuwa kongwe. Ilituma kipande, ikangoja kuitikiwa, ndipo ikatuma kingine. Mtandao ukikatika, ilianzia ilipoishia. Ya pili, mpya, ilimwaga vipande vyote bila kungoja mtu, lakini ikikatizwa faili zima lilianza upya.

Akajifungia wiki tatu katika chumba kisicho na dirisha, kompyuta mbili na kebo moja kati yake, akawa anauharibu mtandao kwa makusudi: mara safi, mara mzito, mara unaodondosha vipande kama siku za mvua.

“Wenzako tunatengeneza, wewe unaharibu,” rafiki yake, mpiga picha za mionzi, alimtania akiwa mlangoni. “Hiyo kongwe bado inabisha hodi kwa kila kipande?”

“Ina adabu.”

“Adabu haijawahi kumponya mtu, Sekunde.”

Alifanya majaribio ishirini kwa kila njia katika kila hali. Kwenye mtandao mbovu, njia mpya ilishindwa mara saba. Hapo mkono ukasita. Jedwali lilitaka sekunde, na faili lisilofika halina sekunde. Akaviacha visanduku saba vitupu. Kompyuta ilipoambiwa itoe wastani, ikaviruka kama mtu arukavyo dimbwi, ikagawa kwa kumi na tatu. Njia mpya ikashinda katika hali zote. Aliandika chini kwamba baadhi ya majaribio hayakukamilika, lakini mkuu alitaka ukurasa mmoja, na maelezo hayo yalikuwa yameangukia wa pili. Njia kongwe ikafutwa kwenye kompyuta zote, za kwao na za hospitali kuu.

Miezi minne baadaye, saa saba mchana, kaka yake, mwashi, aliteleza kwenye jukwaa la mbao ghorofa ya pili. Aliletwa akizungumza, tena akilalamika kwamba nesi ana mikono ya baridi. Saa nane akaanza kusinzia. Daktari wa zamu alisema damu inavuja ndani ya fuvu. Kutoboa fuvu angetoboa mwenyewe, ila pa kutoboa lazima paonyeshwe na bingwa, na bingwa lazima aone picha. Nje mvua ilikuwa imeshika.

Sekunde akatuma. Asilimia arobaini. Sitini na tano. Mtandao ukakatika, hesabu ikarudi sifuri.

“Rudia,” rafiki yake alisema.

Sabini na moja. Sifuri. Mara ya tatu ilifika tisini na mbili. Sifuri.

“Si ulituambia hii ndiyo yenye mbio?”

Sekunde alikuwa amekwisha kumpigia simu fundi wa hospitali kuu.

“Irudishe ile kongwe.”

“Ndugu yangu, si nyinyi mlioandika tuifute?”

“Ni mimi niliyeandika. Irudishe.”

Kuirudisha pande zote mbili kulichukua dakika arobaini. Kisha ikaanza, kipande na itikio, kipande na itikio. Ilikatika mara sita, na mara sita ikaanzia ilipoishia. Picha zikafika zote. Saa kumi na robo bingwa alipiga simu, akaeleza bila haraka pa kutoboa. Daktari wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, ndipo akamwambia mgonjwa alifariki saa kumi kasoro dakika tano.

Shemeji yake, mke wa marehemu, alikuwa kwenye benchi la ukumbini na viatu vya mumewe mapajani, saruji imekaukia kwenye kamba. Sekunde akaketi kando yake.

“Shemeji, njia ya kupelekea zile picha niliichagua mimi. Niliiona inashindwa, mara saba. Sikuzihesabu.”

“Kwa nini?”

“Hazikuwa na sekunde za kuandika kwenye jedwali.”

Shemeji akavigeuza viatu mapajani.

“Na unaniambia sasa ili nikufanyie nini?”

“Sijui.”

“Basi usianze na mimi. Mama yenu nilimwambia mwanawe ameteguka mguu tu, asije akaanguka njiani. Nenda kamwambie. Na hizo saba umwambie, asizisikie kwa majirani.”

Mama aliishi nyuma ya soko. Sekunde alimkuta ametandika godoro sakafuni, mto umeinuliwa upande wa miguuni, ili mgonjwa asihangaike kupanda kitandani.

“Umelowa hivyo,” mama alisema akimtupia jicho, kisha akarudi kulainisha shuka. “Mwenzako yuko wapi? Mshike mkono, kizingiti hicho kitamwumiza.”