Nyekundu Chini ya Rangi ya Fedha

Katika yadi ya magari niliyofanyia kazi karibu na Komarock, hakuna gari lililowahi kugongwa. Hata lililofika likivutwa kwa kamba lilikuwa limechoka na safari tu. Tajiri wangu alikuwa na historia ya kila moja, nayo ilikuwa ileile: mwenyewe alikuwa bibi mzee wa Japani, aliyeliendesha siku za Jumapili tu, tena polepole. Kwa hesabu zangu, wazee wote wa Japani walikuwa wamebaki wanatembea kwa miguu.

Kazi yangu ilikuwa kuyang'arisha. Niliyaosha, kisha nikapitisha dawa ya kusugulia kwa mashine yenye sponji inayozunguka, mpaka mikwaruzo ipotee na uweze kuvaa hereni ukijitazama kwenye boneti. Nilikuwa mwanamke pekee pale. Wateja waliingia, wakaniona na mashine mkononi, aproni imetapakaa dawa, wakaniuliza chai iko wapi. Niliwaelekeza kwenye kibanda ng'ambo ya barabara.

Asubuhi moja likaletwa gari dogo la rangi ya fedha. Tajiri akasema kuna mteja anakuja saa sita, nishughulikie mlango wa nyuma uliofifia. Nikawasha mashine. Haukupita muda sponji ikawa nyekundu kama iliyopangusa mdomo wa bibi harusi. Nikazima. Ukingoni mwa mlango, pale rangi inapokuwa nyembamba, ile ya fedha ilikuwa imetoka na wekundu unachungulia, kadiri ya ukucha.

Nikamwita tajiri. Akainama, akatazama kwa muda mrefu kama daktari.

"Umeharibu mlango," akasema.

"Bosi, huu mlango ulikuwa wa gari lingine."

"Hiyo ni rangi ya chini. Wajapani hupaka nyekundu kwanza ndio bati lisishike kutu."

Nilikuwa katika mwaka wangu wa sita wa kazi hiyo, na ilibidi ningoje mpaka siku ile kufunuliwa siri ya Wajapani. Akachukua kopo la rangi ya kupuliza, akafunika ule ukucha, akaniambia nipitishe nta juu yake. Nikapitisha, tena vizuri. Hata uongo ukipita mikononi mwangu, lazima ung'ae.

Mteja alikuwa mama wa makamo anayeuza mapazia ya mitumba soko la Gikomba. Tajiri akampokea kwa habari za bibi wa Japani. Mama alisikiliza kwa adabu, kama unavyosikiliza matangazo kanisani. Hakuitazama hata boneti niliyoitolea jasho. Alifungua mlango wa nyuma, akaushika mpira unaouzunguka, akauvuta taratibu kama anayegeuza pazia kukagua mshono. Chini ya mpira kulikuwa kwekundu, bila haya.

"Mimi nguo naiangalia kwa ndani," akasema. Kisha akanigeukia. "Ni wewe uliyeling'arisha?"

"Ni mimi, mama."

"Basi mkono wako unajua. Huu mlango ni wa hili gari?"

Tajiri alikuwa nyuma yake, akinitikisia kichwa kidogo sana. Ningeweza kusema sijui. Kwa miaka sita nilikuwa sijui mambo mengi. Lakini huyu alikuwa mtu wa kwanza katika yadi ile kuniuliza swali lisilohusu chai.

"Si wake, mama. Na hapo juu ya tairi la nyuma pamejazwa puti kuziba palipobonyea."

Nikaanza kukunja waya wa mashine, nikijua kazi yangu imeisha.

"Na lipi hapa lina milango yake yote?" mama akauliza.

Nikamwonyesha gari la buluu kule ukutani, limejaa vumbi. Sikuwahi kuagizwa kuligusa, kwa kuwa halikuwa na cha kufichwa. Akavuta mpira wa kila mlango. Kesho yake alirudi na fundi wake, wakaondoka nalo.

Tajiri hakunifukuza. Alikuwa mfanyabiashara mjanja kuliko hivyo. Tangu siku hiyo, kila mteja aliyeingia alionyeshwa mimi kwa kidole: "Hapa hatufichi kitu. Muulize huyo dada, hajui kudanganya." Wateja walinitazama, wakaridhika, wasiniulize lolote.

Lile la rangi ya fedha lilinunuliwa mwezi uliofuata na bwana mmoja aliyekuja na mkewe. Alipiga tairi teke, akakaa kwenye usukani, akatabasamu. Mkewe akasema rangi inapendeza. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, nikisugua taa za gari lingine. Nilingoja waniulize. Hawakuniuliza, nami sikujitolea kusema. Niliona aibu, ila ilikuwa aibu ya wastani, ile isiyomzuia mtu kula chakula cha mchana.