Wawindaji wa Ng'ambo ya Kijito

Niliolewa Kitahana nikitokea Heru Juu, na kitu cha kwanza kilichonishangaza ukweni kilikuwa kengele za mbwa. Kwetu Heru Juu vilima vilikuwa vimelimwa vyote tangu zamani, mihogo na maharage mpaka kileleni, na mnyama mkubwa wa porini niliyewahi kumwona kwa macho yangu ni sungura. Kitahana ilikuwa mambo mengine. Shamba la mama mkwe wangu lilikuwa la mwisho kabisa. Likiisha shamba kuna kijito, ng'ambo ya kijito kuna nyumba za wawindaji, na nyuma ya nyumba zao linaanza pori ambalo sikuwahi kuambiwa linaishia wapi.

Wawindaji wenyewe walikuwa ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mpole wa kusema. Wa kati alikuwa mcheshi, hawezi kupita pasipo kumtania mtu. Mdogo ndiyo kwanza alikuwa ameoa, kama mimi. Walilima kidogo, lakini heshima yao ilikuwa mikuki, nyavu za katani na mbwa. Kila mbwa alivishwa shingoni kengele ya mti, na kengele hizo zikianza kugonga kule bondeni moyo wangu ulikuwa unaruka kabla sijajua kama unaruka kwa woga au kwa furaha.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, kabla hatujahamishiwa kwenye vijiji vya kando ya barabara. Mume wangu alikuwa Tanga, kwenye mkonge. Baba mkwe alikwisha fariki. Shambani tulikuwa wawili tu, mimi na mama mkwe, mwanamke mfupi mwenye mikono migumu na ulimi ambao majirani waliuheshimu kuliko panga lake.

Mara ya kwanza kuwaona wakiwinda tulikuwa tunapalilia maharage. Nikasikia kengele, kisha miluzi, kisha mbawala akatoka kwenye majani ya kijito akapita mbele yangu, karibu kiasi kwamba niliona jicho lake. Nyuma yake mbwa, nyuma ya mbwa wale ndugu watatu wakikimbia na mikuki, miguu yao haigusi chini. Walikata shamba letu katikati wakatokomea upande wa pili. Nilibaki nimesimama na jembe mkononi, nacheka peke yangu kama mwehu. Nilipogeuka kumtazama mama mkwe, kicheko kikaniishia. Alikuwa amechuchumaa, anaokota maharage yaliyokanyagwa.

Aliyakusanya mkono mzima, akavuka kijito, akaenda kuyaweka mlangoni kwa yule mkubwa. Nilimfuata kwa mbali. Yule bwana alimkaribisha kwa adabu zote, akampa kiti, akamweleza kuwa mnyama haombi ruhusa anapokimbilia, na kwamba marehemu baba yao alikuwa akifukuza wanyama pale kabla hata shamba halijafyekwa.

"Njia ya mnyama ni ya zamani kuliko minyaa yako, Mama," alisema, akimaanisha ile miti ya mpaka tuliyopanda kuzunguka shamba.

"Basi mwambie huyo mnyama aje anipalilie," mama mkwe akamjibu, akaondoka bila kugusa kile kiti.

Ugomvi ungeishia kwenye maneno kama si masika ya mwaka ule. Mvua zilinyesha mpaka kijito kikahama. Pale kilipokuwa kimepinda kikajikatia njia mpya iliyonyooka, na kati ya njia ya zamani na ile mpya kikabaki kipande kirefu cha ardhi nyeusi, yenye rutuba ya kutamanisha. Siku zote mpaka wetu ulikuwa ni kijito. Sasa kijito kipi? Mama mkwe alisema ni hiki cha sasa, maana maji ndiyo mpaka. Ndugu watatu wakasema ni kile cha zamani, maana mpaka hauhami kwa sababu ya mvua. Sisi tukaanza kulima kile kipande upande mmoja, wao wakachimba mashimo ya kunasia wanyama upande mwingine, wakayafunika kwa fito na majani. Mbuzi wetu akatumbukia.

Mdogo wao ndiye aliyemtoa. Alimleta mabegani, akamshusha uani kwetu taratibu, akasema pole. Mbuzi alikuwa anachechemea, lakini alipona. Mama mkwe hakupona. Siku hiyohiyo alikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi.

Balozi alikuja na fimbo yake, akakitembea kile kipande mwanzo hadi mwisho, akasikiliza upande huu na upande ule. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, huyu anaonyesha kisiki, yule anaonyesha mawe ya kijito cha zamani. Mwisho alisema jambo lile linahitaji baraza, na baraza litakaa baada ya mavuno. Mpaka hapo sisi tusilime kile kipande, na wao wasikivuke kijito na mbwa wao kwa sababu yoyote. Mashimo yawekewe vijiti ili watu wayaone.

Mama mkwe alirudi nyumbani kama mshindi. Na kwa kweli pakawa na utulivu. Kengele zilisikika mbali tu, huko porini. Sikumwambia mtu kuwa nilikuwa nazikumbuka.

Lakini nguruwe pori nao ni kama walikuwepo siku ile, wakasikia hukumu. Walipoona mbwa hawavuki tena, walihamia kwetu. Mihogo iling'olewa, mahindi mabichi yakalazwa chini, mengine hata hayakuliwa, yalichezewa tu. Tukajenga ulingo katikati ya shamba, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, na mimi ndiye niliyekaa juu na debe bovu, nikigonga na kupiga kelele. Siku za mwanzo walikimbia. Baadaye wakazoea. Niligonga mpaka mkono ukafa ganzi, na wao wanakula.

Basi asubuhi moja, jua linaanza kupasua ukungu, nikiwa juu ya ulingo, nikaona mahindi yanatikisika mahali pengi kwa wakati mmoja. Halikuwa kundi dogo. Nikaona migongo, nikaona na dume lao, jekundu, lenye manyoya meupe mgongoni, limejaa kama gunia. Nikapiga debe kwa nguvu zangu zote. Mama mkwe akatoka nyumbani mbio na panga. Nguruwe hata kichwa hawakuinua.

Ng'ambo wakalisikia debe. Wale ndugu watatu walishuka na mbwa wao mpaka kwenye maji, wakasimama hapo. Mbwa walikuwa wanalia, wanavuta kamba, kengele zinagonga ovyo, na wale wanaume wamewashika, hawavuki. Mimi kutoka juu niliwaona wote, nguruwe huku, wawindaji kule, na mama mkwe katikati, ukingoni mwa kijito, amewapa nguruwe mgongo.

Mkubwa wao aliita kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu aliyepita kusalimia.

"Mwakeye, Mama. Tuvuke au tusivuke?"

Mama mkwe alilishusha panga lake. Halafu nikasikia anauliza, "Mashimo yenu?"

"Tutayafukia."

"Lini?"

"Leo, kabla jua halijazama."

"Na maharage yangu?"

"Yakiwa shambani tutazunguka kwa juu. Yakivunwa tutapita."

Nikaona dume linaacha mahindi, linaelekea kwenye mihogo tuliyoitenga kwa ajili ya mbegu ya mwaka unaofuata. Sikuweza tena kuvumilia. Nikapaza sauti nikamwambia mama wanaingia kwenye mbegu. Aligeuka akatazama shamba lake, akawageukia wale watu.

"Vukeni," alisema. "Na atakayekanyaga boga langu nitamjua."

Maji yaliruka. Mbwa waliachiwa wakaingia mahindini, na palepale wakapotea, maana mahindi yalikuwa marefu kuwapita hata wale wanaume. Wa kati akapiga kelele kuwa haoni kitu. Lakini mimi nilikuwa naona kila kitu. Nikasimama juu ya ulingo, nimeshika nguzo ya paa kwa mkono mmoja, nikaanza kuwaelekeza. Kulia kwako. Nyuma ya kichuguu. Wawili wanarudi kijitoni, waache, dume liko mbele yako, linakuja, linakuja. Na wao wakanifuata. Nikisema kulia wanakwenda kulia. Nilikuwa sijawahi katika maisha yangu kusema neno na wanaume watatu wakalikimbilia hivyo. Koo lilikuwa linawaka na sikuhisi. Majike na watoto wao walitawanyika porini, mbwa wakalizunguka dume peke yake.

Mdogo alilirushia mkuki wa kwanza. Uliingia begani lakini haukuliangusha, uliliongezea hasira tu. Likageuka likavunja ukuta wa mbwa, likaja moja kwa moja upande wa ulingo, na nguzo iliyokuwa njiani mwake halikuikwepa. Nilisikia mti unalia chini yangu. Paa liliniangukia kwanza, kisha sisi wote, mimi na nyasi na debe langu, tukashuka pamoja. Niliangukia kwenye mabua, na lile dume likapita ubavuni mwangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, na mbwa wakapita juu yangu, mmoja akanikanyaga tumboni. Nilipofumbua macho nilimwona mama mkwe ananijia mbio, anauliza nimeumia wapi. Nilikuwa nacheka mpaka machozi yanatoka, na yeye alipoona nacheka, akakaa chini kwenye mahindi yake yaliyolala, akacheka pia.

Dume lilifika kwenye kile kipande cha ardhi cheusi, na hapo yule mkubwa akalimaliza.

Tulipofika walikuwa wamesimama kulizunguka, wanahema. Desturi ya kule ilikuwa kwamba mnyama akiangukia shambani kwa mtu, mwenye shamba hupewa paja. Yule mkubwa alifuta mkuki wake kwa majani, akatazama ardhi, akamtazama mama mkwe. Sote tulielewa kwa pamoja. Mnyama alikuwa amefia mahali ambapo kila upande unadai ni pake.

"Kafia kwangu," mama mkwe akasema.

"Kafia kwangu," akasema yule bwana, na nilimwona anajizuia.

Wa kati ndiye aliyeshindwa kwanza. Alicheka akaegemea mkuki, na baada yake hakuna aliyebaki. Kicheko kilipokwisha, maneno yalikuwa yamelainika. Walikubaliana hapohapo, wamesimama, kwamba kile kipande kigawanywe katikati kwa urefu wake, minyaa ipandwe kwenye mstari huo, na kuanzia siku ile kijito kiende kitakako. Paja moja likaja kwetu. La pili pia, maana mkubwa alisema mke aliyeanguka na nyumba yake hawezi kulala bila kitoweo. Alikuwa anauita ulingo wangu nyumba.

Mashimo yalifukiwa siku hiyohiyo. Wake zao walivuka na majembe, mama mkwe akatoa lubisi, pombe yake ya ndizi, tukafanya kazi huku wa kati akiigiza jinsi nilivyoshuka kutoka juu, kila mara akiongeza urefu wa ulingo. Balozi alitokea alasiri, sijui nani alimwambia, au ni harufu. Akakuta udongo mbichi juu ya mashimo, vipande vya minyaa vimepangwa tayari kwa kupandwa, chungu kinachemka. Alisema anaona baraza limekwisha kaa, akauliza yeye akae wapi.

Tangu siku hiyo walipiga pembe kabla ya kuingia upande wetu, na maharage yakiwa shambani walizunguka kwa juu kama walivyoahidi. Mara mbili tatu walisahau, na mama mkwe alivuka kuwakumbusha, ila sasa alikuwa akikaa kwenye kiti anachopewa. Mume wangu aliporudi kutoka Tanga alikuta watu njiani wanampa habari za mkewe kabla hajanisalimia. Alinisikiliza nikimsimulia yote, akauliza kama ningeweza kumpeleka naye mawindoni.

Maana nilikuwa nimekwisha anza kwenda. Nyuma ya nyumba za wale ndugu kulikuwa na jabali ambalo ukisimama juu yake unaona bonde zima, na wao walisema hawajawahi kupata macho kama yangu. Asubuhi nyingine tulikuwa tunalima, pembe ikalia ng'ambo, nikajifanya sijasikia, nikaendelea na jembe langu. Mama mkwe hata hakuinua kichwa.

"Nenda," alisema. "Huu mstari nitaumaliza mimi."

Niliacha jembe likiwa limesimama kwenye udongo, nikakunja kanga juu ya magoti, nikakimbilia majini.